Death: Mabrathe 3 wa Detroit Waliopiga Panki Kabla Panki Ipewe Jina, na Albamu Iliyolala Miaka 34

Hebu fikiria uko na bendi, wewe na mabrathe zako wawili. Mnajua kupiga, hiyo haina ubishi. Studio mmepata, tena studio ya maana. Bosi mmoja mkubwa wa muziki ameskia kazi yenu na ako tayari kuweka doo. Anataka kitu kimoja tu: mbadilishe jina la bendi. Na jina lenyewe ni Kifo.

Ungefanya nini? Usikimbilie kujibu. Najua wengi wenu mshasema, "Aah, jina ni jina, leta hiyo pesa." Hata mimi ningefikiria hivo. Lakini kuna msee mmoja wa Detroit, Marekani, alikataa. Aliitwa David Hackney. Kukataa kwake kulifanya albamu yao ikose kutoka mwaka wa 1975 hadi 2009. Hiyo ni miaka 34, wadau. Mtu anaweza kuzaliwa, asome, aoe na apate watoto wawili kabla hiyo albamu ifike dukani.

Leo watu wanaokusanya santuri za zamani wanatafuta kazi ya hii bendi kama dhahabu. Na wale wanaojua historia ya panki inabidi waanze kusimulia upya. Kwa hivyo kaa vizuri, nikueleze hii maneno kutoka mwanzo.

Kwanza, panki ni nini?

Kama umezoea gengetone, amapiano na rege ya Jumapili, panki inaweza kukupita. Panki ni mtoto mkorofi wa roki. Gita chafu, kasi ya kukimbizwa na kanjo, mtu anaimba kama amekasirika na mwenye nyumba, na hakuna kupamba. Huhitaji kuwa fundi wa gita wa kupiga solo ya dakika kumi. Unahitaji kitu cha kusema na mkono wa haraka.

Ukiuliza watu panki ilianza lini, wengi watakutajia Ramones wa New York, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka Aprili 1976. Au watakutajia Sex Pistols wa London, ambao singo yao ya kwanza ilitoka Novemba 1976. Wote ni wazungu. Ndio maana picha ya panki kwa akili ya watu wengi ni kijana mzungu, jaketi ya ngozi, nywele zimesimama kama misumari.

Sasa shika hii: mwaka wa 1975, mwaka mzima kabla albamu ya Ramones itoke, vijana watatu weusi walikuwa ndani ya studio Detroit wakirekodi ngoma za kasi hiyo na hasira hiyo. Hawakuwa wamemuiga mtu wa New York, juu huko New York penyewe mambo yalikuwa bado yanachemka.

Detroit ya wakati huo

Ili uelewe, lazima ujue mji wenyewe. Detroit ni mji wa magari. Ni kwao na Ford na General Motors. Pia ni kwao na Motown, ile kampuni iliyotupa Stevie Wonder, Marvin Gaye, The Supremes na Jackson 5. Ukiwa kijana mweusi wa Detroit miaka hiyo, njia ya muziki ilikuwa imechorwa tayari: vaa suti safi, imba mapenzi, piga densi kwa mpangilio.

Lakini mji ulikuwa umeumia. Mwaka wa 1967 kulitokea machafuko makubwa, watu 43 wakafa na nyumba nyingi zikachomwa. Mwaka wa 1972 Motown yenyewe ikahamisha makao yake makuu kwenda Los Angeles. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda dunia nzima, na mji unaoishi kwa kuuza magari makubwa yanayokunywa petroli ukaanza kulia. Vijana walikuwa wanarudi kutoka vita vya Vietnam, wengine wakirudi kwa majeneza. Kulikuwa na sababu za kutosha za kupiga gita kwa hasira.

Na Detroit ilikuwa na roki yake pia. MC5 na The Stooges walikuwa wa pande hizo, na kelele zao zilikuwa mbaya kwa maana nzuri.

Mabrathe wenyewe

Hackney walikuwa watatu kwenye bendi. David alikuwa kwa gita, na ndiye alikuwa akili ya kila kitu. Bobby alikuwa kwa besi na ndiye aliimba. Dannis alikuwa kwa drams. Fathe yao alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, kwa hivyo kanisa lilikuwa ndani ya damu.

Walianza mwaka wa 1971 wakijiita RockFire Funk Express. Kama jina linavyokuambia, walikuwa wanapiga fanki, muziki ambao mtaa ulitarajia wapige. Halafu shoo za The Who na Alice Cooper zikawabadilisha vichwa. David akaamua: fanki weka kando, sasa ni roki, tena roki ya kasi.

Majirani hawakuelewa. Hao vijana walikuwa wanafanyia mazoezi kwa chumba ndani ya nyumba ya mathe yao, na mtaa mzima ulikuwa unaskia. Swali lilikuwa moja: mbona watoto weusi mnapiga muziki wa wazungu? Hiyo ilikuwa ngumu zaidi ya inavyoonekana, juu roki yenyewe imetoka kwa watu weusi. Chuck Berry na Little Richard walikuwa mezani kabla ya wengine wote. Lakini kufika miaka ya 70, ilikuwa imeshapewa wenyewe wengine, na mtoto mweusi akishika gita akapiga kelele anaonekana amepotea njia.

Mbona Kifo, jameni?

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Hebu mwambie nyanya yako umeanzisha bendi inaitwa Kifo, uone kama hatakuletea mchungaji.

Lakini skia sababu. Fathe yao alikufa kwa ajali. David, ambaye alikuwa mtu wa kuwaza sana mambo ya roho, alikaa na hiyo huzuni na akatoka na wazo. Alisema kifo kimepewa sura mbaya tu, na yeye anataka kukigeuza. Kwake kifo kilikuwa mlango, safari ya kurudi kwa Muumba, kitu ambacho kila mtu atapitia, tajiri kwa maskini. Hata alichora nembo: pembetatu yenye nukta tatu, roho, akili na mwili, na nukta ya nne pembeni ikiwakilisha yule anayeongoza hizo tatu, yaani Mungu.

Kwa hivyo jina halikuwa mchezo wa kutisha watu. Lilikuwa njia ya mtoto kumlilia babake. Ukishajua hivo, ile stori ya kukataa pesa inaanza kuwa na uzito mwingine.

Mshale kwa kitabu cha simu

Walitafutaje studio? Familia inasimulia kwamba David alichukua ukurasa wa kampuni za muziki kutoka kitabu cha simu, akaubandika ukutani, akarusha mshale. Mshale ukachoma Groovesville Productions. Wakaenda huko.

Na haikuwa kampuni ndogo. Groovesville ilikuwa ya Don Davis, prodyusa mzito wa muziki wa soul, yule alisimamia ngoma za Johnnie Taylor. Ndani ya hiyo kampuni kulikuwa na Brian Spears, aliyeskia hawa vijana akawaamini kabisa. Mwaka wa 1975 wakaingizwa United Sound, studio ya heshima Detroit, mahali ambapo hata Funkadelic walikuwa wanarekodi. Fundi wa mitambo alikuwa Jim Vitti.

Mpango ulikuwa ngoma 12. Walimaliza 7. Hizo saba zikiunganishwa ni kama dakika 26 tu. Lakini manze, hizo dakika 26! Besi ya Bobby inakimbia mbele, drams za Dannis zinapiga kama mtu anayevunja mlango, na gita ya David inajaza chumba kizima peke yake. Ngoma inayojulikana zaidi, "Politicians in My Eyes", inawashukia wanasiasa wanaopeleka vijana kufa huku wao wenyewe wakikaa salama. Ina karibu dakika 6, ambazo ni nyingi kwa panki, na katikati inapoa kidogo kabla iwake tena. Halafu kuna "Freakin Out", fupi na ya kasi, ambayo ukipigiwa bila kuambiwa mwaka utaapa ilirekodiwa miaka ya 80.

Siku ya kukataa

Sasa turudi kwa lile swali la mwanzo. Kulingana na familia ya Hackney, aliyekuwa tayari kuwashika mkono alikuwa Clive Davis, mmoja wa mabosi wakubwa zaidi wa muziki Marekani, yule ambaye miaka ya baadaye angemtambulisha Whitney Houston kwa dunia. Muziki ulimbamba. Jina likamshinda. Akaomba libadilishwe.

Bobby na Dannis, kusema ukweli, walikuwa tayari kuongea. Walikuwa vijana, walikuwa wanataka kuomoka kama mtu yeyote. David akasema hapana. Hoja yake ilikuwa hivi: tukiwapa jina letu leo, kesho watataka sauti yetu, na kesho kutwa hatutabaki na chochote cha kwetu. Mabrathe wawili wakasimama na kaka yao. Dili ikafa.

Usione kama ilikuwa rahisi kwa hao wawili. Kumsapoti mtu unapokubaliana naye ni kazi nyepesi. Kumsapoti wakati unaona pesa ikitoka mlangoni, hiyo ndiyo undugu.

Kitu kimoja kizuri kilibaki: waliondoka na masta zao. Masta ni zile tepu za kwanza kabisa za studio, mama wa nakala zote. Mwenye masta ndiye mwenye muziki. Weka hiyo akilini, itarudi.

Nakala 500

Mwaka wa 1976 wakaamua kujitolea wenyewe. Wakaunda lebo yao, wakaiita Tryangle, kwa ajili ya ile pembetatu ya David. Wakatoa singo moja: upande mmoja "Politicians in My Eyes", upande wa pili "Keep on Knocking". Nakala 500, basi. Hizo ndizo mfuko uliweza.

Wakapeleka kwa vituo vya redio. Lakini hiyo ndiyo miaka disko ilikuwa inapanda kama moto wa nyika, watu wanataka kucheza. Vituo vya watu weusi havikujua wafanye nini na gita hiyo, vituo vya roki navyo havikujua wafanye nini na vijana weusi wanaojiita Kifo. Singo ikachezwa kidogo, ikanyamaza. Mwaka wa 1977 bendi ikaisha.

Mabrathe wakahama wakaenda Burlington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, mbali sana na Detroit na wenye wazungu karibu watupu. Huko wakatoa albamu mbili za roki ya injili, 1980 na 1982, wakitumia jina la The 4th Movement. Ndio, jina lilikuja kubadilishwa, lakini wenyewe ndio walilichagua, na hakuna bosi aliyewashika shati.

Mwaka wa 1982 David akaikumbuka Detroit, akarudi. Bobby na Dannis wakabaki Vermont, wakaanzisha bendi ya rege inayoitwa Lambsbread, wakalea watoto, maisha yakasonga. Watoto wa Bobby wakakua wakijua fathe yao ni msee wa rege. Stori ya Kifo haikuwa inaongelewa kwa hiyo nyumba. Kuna vidonda ambavyo wazazi hufunga kwa kunyamaza tu, na sisi watoto hatujui hata kuna kidonda.

David hakuacha kuamini. Kabla afe, alimkabidhi Bobby zile masta akamwambia azitunze, juu siku moja dunia itakuja kuzitafuta. Bobby alizichukua, lakini usidhani aliamini. Mwaka wa 2000 David akafa kwa saratani ya mapafu.

Venye dunia ilikuja kuzitafuta

Kumbuka zile nakala 500. Zilikuwa zimetawanyika: zingine ziliuzwa, zingine zikapewa watu bure, zingine bila shaka zikaishia kwa takataka. Lakini santuri ni kitu kigumu kufa. Inaweza kukaa ndani ya boksi miaka 30 na ukiweka sindano inaongea.

Wakusanyaji wa santuri ni watu wa ajabu. Wanapekua maboksi kwa masoko ya vitu vya mitumba, wanasoma karatasi ya katikati, wanatafuta lebo ambazo hawajawahi kuskia. Wengine wakaangukia Tryangle. Wakaskiza, wakatazama mwaka, wakatazama tena. 1976? Detroit? Hawa ni nani? Taratibu bei ya hiyo singo ikaanza kupanda, hadi ikawa inauzwa mamia ya dola. Halafu mtu akaiweka mtandaoni, na hapo haikuhitaji tena nakala 500.

Mwaka wa 2008, Julian, mtoto wa Bobby, alikuwa California. Ngoma zikawa zinachezwa kwa sherehe San Francisco, na Julian akaskia sauti anayoijua. Ilikuwa sauti ya fathe yake. Akapiga simu nyumbani. Hebu jiweke hapo: uko kwa pati, DJ anacheza kitu ambacho kila mtu anakishangilia, halafu anayeimba ni mzee wako, ambaye hajawahi kukuambia hata siku moja.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Bobby akatoa masta. Lebo moja ya Chicago, Drag City, ikachukua zile ngoma saba za 1975 na mnamo Februari 2009 ikazitoa kama albamu: "...For the Whole World to See". Mwezi uliofuata, gazeti la New York Times likaandika stori yao, na mastaa kama Jack White, ambaye ni mtoto wa Detroit, wakasema wazi walivyoshangazwa. Vijana wa Bobby wakaanzisha bendi yao, Rough Francis, kwanza kupiga ngoma za wazee. Hilo jina ni la anko wao: David alikuwa amelitumia miaka yake ya mwisho.

Bobby na Dannis nao wakarudi jukwaani kama Death, na Bobbie Duncan wa Lambsbread akasimama mahali pa gita. Mwaka wa 2012 ikatoka filamu ya kumbukumbu, "A Band Called Death". Mwaka wa 2015 wakatoa albamu mpya kabisa, "N.E.W.". Wazee wa zaidi ya miaka 50 wakizunguka na panki. Imeweza ama haijaweza?

Kwa hivyo ndio wa kwanza?

Hapa tusidanganyane. Ukisoma mtandaoni utaona watu wanaapa kwamba Death ndio waliunda panki. Hiyo si kweli, na haiwasaidii. The Stooges walitoa albamu yao ya kwanza 1969. New York Dolls walitoa yao 1973. Huko Peru kulikuwa na Los Saicos miaka ya 60, wakipiga kelele za kufanana. Panki haina baba mmoja, iko kama ugali, kila mtu anadai ni ya kwao.

Tena Death haingeweza kuathiri Ramones, juu hakuna aliyewaskia. Kile wanachothibitisha ni kitu kingine: kwamba hiyo hasira na hiyo kasi zilikuwa zinazaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja, na watu weusi walikuwa ndani tangu mwanzo. Si wao peke yao pia. Pure Hell wa Philadelphia walikuwa bendi ya panki ya watu weusi miaka hiyo hiyo ya 70, na albamu waliyorekodi haikutoka hadi miaka ya 2000. Bad Brains wa Washington ndio angalau walipata heshima yao mapema. Ukiona historia inaonyesha sura za aina moja tu, uliza ni tepu gani zilibaki ndani ya boksi.

Ukitaka kuishika mkononi

Pengine sasa umeingiwa na hamu ya santuri. Sawa, nikupe maarifa kidogo usije ukachezwa.

Santuri inatengenezwa hivi: muziki unachongwa kwa sindano kwenye sahani laini, hiyo sahani inapakwa chuma ili kutoa muhuri, halafu muhuri unagandamiza plastiki ya moto. Muhuri huchakaa, kwa hivyo nakala za toleo la kwanza ndizo wakusanyaji hupenda. Karibu na karatasi ya katikati kuna sehemu laini isiyo na muziki. Tazama hapo kwa mwangaza, utaona namba zilizochongwa. Hizo namba ndizo kitambulisho cha santuri, zinakuambia imetoka kwa muhuri gani.

Sasa kwa Death, shika vitu vitatu. Moja, kitu cha 1976 ni singo ya ngoma mbili, lebo Tryangle. Hakuna kingine cha mwaka huo. Mtu akikuambia anauza albamu orijino ya Death ya 1976, huyo anakucheza, juu hiyo albamu haikuwepo. Mbili, albamu ya kwanza kutoka kabisa ni ile ya Drag City ya 2009, na hiyo ndiyo toleo la kwanza, hata kama ngoma ni za 1975. Tatu, bei inafuata hali ya santuri. Nakala yenye mikwaruzo na nakala safi ni kama mkweche na gari iliyotoka showroom. Usilipe kabla uione chini ya mwanga, na ikiwezekana uiskize.

Kuna faida nyingine ya zile dakika 26. Upande mmoja wa santuri kubwa unabeba kama dakika 20 bila shida. Ukiweka 13 tu, mistari ya muziki inapata nafasi ya kupanuka, na sauti inatoka kubwa na nzito. Kwa hivyo albamu ambayo haikumalizika inakaa vizuri kabisa kwa santuri. Na kama huna mashine wala pesa, usijali. Iko mtandaoni, unaiskiza na bando ya mia.

David alikuwa sawa?

Nimeona watu wakimalizia hii stori kwa kusema: unaona, ukishikilia ndoto yako utashinda. Pole, mimi siwezi kukuambia hivo. David alikufa bila kuona albamu moja ya Death dukani. Dunia ilichelewa miaka 9. Jina halilipi bili ya hospitali, na ndugu zake walipitia miaka mingi wakibeba kitu ambacho hawakutaka hata kuwaambia watoto wao.

Lakini pia fikiria ile njia nyingine. Wangebadilisha jina, pengine wangepigwa msasa kidogo, gita ipunguzwe, disko iongezwe, juu hiyo ndiyo ilikuwa sokoni. Wangetoa albamu moja, isipouza watupwe nje. Na masta? Zingebaki kwa kabati ya kampuni, na siku Julian anapiga simu nyumbani, Bobby hangekuwa na kitu cha kutoa. Ile "hapana" ilimgharimu David kila kitu, na ndiyo hiyo hiyo ilifanya kuwe na kitu cha kupatikana.

Kwa hivyo kama wewe ni msanii na kuna karatasi mbele yako inangoja sahihi, usitafute jibu kwa David. Mahitaji yako ni yako, na rent ni rent. Lakini kabla ushike kalamu, uliza swali moja alilojua kuuliza kijana wa Detroit mwaka wa 1975: baada ya hii, ni nini kitabaki cha kwangu? Ukipata jibu, sign ama usisign. Halafu hizo tepu zako, popote ulipo, ziweke mahali pakavu.